Australia ilinunua wanagenzi, mafundi bado haba

Oktoba 5, 2020, Serikali ya Australia iliwatangazia waajiri jambo ambalo wenzao wa nchi nyingi hawajawahi hata kuliota. Mwajiri yeyote, mkubwa kwa mdogo, atakayemchukua mwanagenzi mpya atarudishiwa nusu ya mshahara wa kijana huyo kwa miezi 12, mradi fedha hizo zisizidi dola 7,000 za nchi hiyo kwa robo mwaka. Kwa mwaka mzima, mwanagenzi mmoja aliweza kumrudishia bosi wake hadi dola 28,000. Zilitengwa nafasi 100,000 na dola bilioni 1.2. Nusu mwaka haikupita, zikajaa. Machi 2021 ukomo wa nafasi ukaondolewa, na bajeti ya Mei mwaka huo ikaongeza dola bilioni 2.7.

Hofu ya Hazina ilieleweka. Uchumi unapoyumba, mwanagenzi ndiye wa kwanza kuambiwa abaki nyumbani, na pengo lake huonekana miaka minne baadaye, pale nyumba zinapotakiwa kujengwa na mafundi hakuna. Tena Australia iliingia kwenye janga la korona ikiwa tayari imepungukiwa. Mwaka 2012 ilikuwa na wanagenzi na wanafunzi kazini zaidi ya 500,000. Kufikia mwisho wa muongo, baada ya motisha nyingi za waajiri kukatwa, walibaki chini ya 300,000.

Ili kujua ruzuku hiyo ilitibu nini, tazama hesabu za fundi umeme mwenye leseni, gari moja na wateja wa kutosha. Kijana wa mwaka wa kwanza analipwa takriban nusu ya ujira wa fundi kamili, kwa hiyo mshahara wenyewe si mzigo mkubwa. Gharama kubwa ni saa za fundi. Kijana haruhusiwi kugusa saketi bila kusimamiwa, hivyo fundi anasimama kumwonyesha namna ya kumenya waya, kuupitisha kwenye paipu na kupima kama umeme umekatika kweli kabla ya kuanza kazi. Kazi ya saa mbili inakula tatu, na mteja halipii ile ya tatu. Juu ya hapo, kijana huenda chuoni kwa wiki kadhaa kila mwaka huku mshahara ukiendelea. Faida ya bosi huanza kuonekana mwaka wa tatu hivi. Shida ni kwamba wengi hawafiki huko: katika kada za ufundi, takwimu za Australia zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba karibu nusu ya wanaoanza hawamalizi, na wengi wao huondoka mapema.

Sasa linganisha na ruzuku ilivyopangwa. Asilimia 50 ilitolewa mwaka wa kwanza. Mpango uliofuata ulishuka hadi asilimia 10 mwaka wa pili na 5 mwaka wa tatu. Mwaka wa nne, bosi yuko peke yake. Kwa mfanyabiashara anayejua kupiga hesabu, ujumbe ulikuwa wazi: fedha iko kwenye kuanza.

Na walioanza walikuwa wengi kweli, ila si wote walishika nyundo. Kwa kuwa mlango ulikuwa wazi kwa kada zote, waliofurika zaidi walikuwa wanafunzi kazini wa kozi fupi, zile za mwaka mmoja au miwili: wauzaji wa maduka, makarani, wahudumu wa wateja kwa simu. Kozi ya mwaka mmoja inaingia yote ndani ya miezi 12 ya ruzuku. Sidhani kama waajiri hao walikosea. Walisoma masharti wakayatumia. Aliyekosea ni aliyeandika masharti yanayomlinganisha mhudumu wa simu na fundi bomba.

Baadaye serikali ilijirekebisha. Kuanzia Julai 2022, ruzuku ya mishahara ilibanwa kwa kada za kipaumbele, na tangu Julai 2025 mwanagenzi wa ujenzi wa nyumba ameahidiwa dola 10,000 mkononi mwake, kwa awamu tano za dola 2,000. Ya mwisho hutoka akishamaliza. Huo ni mpangilio wa busara zaidi, ingawa saa ya tatu ya yule fundi umeme bado haina mlipaji.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu imekaa kinyume. Tanzania haimlipi mwajiri sehemu ya mshahara, inamtoza. Tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ni asilimia 3.5 ya mishahara kwa mwajiri wa watu kumi na zaidi, na kila jina linaloongezwa kwenye orodha ya mishahara huongeza tozo. Kenya hutoza shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Katika programu ya uanagenzi ya Tanzania, serikali humlipia kijana ada ya mafunzo, jambo jema, lakini faida hiyo inapita kando ya mwenye gereji.

Hata Hazina ya Tanzania au ya Kenya ingeamua kesho kulipa nusu ya mshahara, ingekwama kwenye jambo dogo zaidi: mshahara wenyewe haupo. Saidia fundi wa gereji za Dar es Salaam au Mombasa hupewa posho ya siku kulingana na magari yaliyoingia. Hana mkataba wala hati ya malipo, na mara nyingi aliletwa na mjomba. Anayemfundisha ni fundi ambaye huenda naye hana cheti, japo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi wa namna hiyo. Ruzuku ya kwanza yenye maana hapa ingemlenga huyo: fundi arasimishwe bure, aandikishiane na kijana mkataba wa ukurasa mmoja, kisha fundi alipwe pindi kijana atakapofaulu mtihani wa majaribio ya ufundi. Fedha za kuanzia zinaweza kutoka kwenye SDL, ambayo waajiri wanailipa tayari.