Utalii wa mashamba ya zabibu Dodoma

Utalii wa mashamba ya zabibu Dodoma ni ziara za wageni katika mashamba ya mizabibu yanayolimwa kwa ajili ya soko, hasa katika Jiji la Dodoma na Wilaya ya Chamwino, kwenye uwanda wa juu wa Tanzania ya kati. Ni tawi la utalii wa kilimo, kama zilivyo ziara za mashamba ya viungo Unguja au za mashamba ya kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Tofauti yake na matembezi ya bustanini ni kwamba shamba halikutengenezwa kwa ajili ya mgeni. Ni mali ambayo familia inaitegemea kwa chakula na mahitaji ya shule, na kazi zake hazisimami kwa sababu mtu amekuja kutazama.

Dodoma ni mahali pachache duniani ambapo mzabibu uleule huvunwa mara mbili kwa mwaka. Jambo hilo ndilo humvutia msafiri, na ndilo pia humtatiza mkulima, kama inavyoelezwa hapa chini.

Jina na asili ya zao

Neno "zabibu" limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni tunda lililokaushwa. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walilijua tunda hili likiwa kavu, lililoletwa na majahazi pamoja na tende, muda mrefu kabla ya kuliona likining'inia mtini. Ndiyo sababu Kiswahili cha leo hulazimika kusema "zabibu kavu" kwa kitu ambacho jina lake tayari lilikuwa na maana hiyo. Kwa Wakristo wengi wa bara, mzabibu ulijulikana kwanza katika Biblia, na wako waliosoma habari zake utotoni wasione mti wenyewe mpaka walipopita Dodoma.

Kilimo chenyewe kililetwa katika nchi ya Wagogo na wamisionari Wakatoliki katika karne ya 20. Walihitaji divai ya misa, na misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa mahali pa kwanza palipopandwa mizabibu. Kutoka misheni zao hili liliingia katika mashamba ya wanavijiji. Leo linalimwa Hombolo, Makutupora, Veyula, Mpunguzi, Mbabala, Mvumi na vijiji vingine. Huko Chinangali, wilayani Chamwino, wakulima wadogo waliunganishwa katika shamba moja kubwa lenye umwagiliaji wa matone. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI).

Mazingira

Dodoma iko karibu na nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na kwa kawaida jumla yake haifiki milimita 600 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni mikavu kabisa. Mahindi hushindwa mara kwa mara katika nchi ya namna hii, ndiyo maana wenyeji wameshika zaidi uwele na mtama pamoja na ufugaji wa ng'ombe. Mzabibu, kinyume chake, hupenda jua kali, hewa kavu na udongo usiotuamisha maji. Mizizi yake hushuka chini sana, na mkulima huisaidia kwa kuchimba mashimo au mitaro mirefu na kuijaza samadi kabla ya kupanda pingili. Ng'ombe wa Mgogo ana mchango wake katika kila kichala, ingawa watalii hawaoni hilo.

Maji ndiyo kikwazo. Zabibu za kiangazi hazipatikani bila kisima, bwawa au bomba, na mkulima asiye na chochote kati ya hivyo hubaki na mavuno ya masika peke yake.

Mkasi unaotengeneza misimu

Mgeni aliyezoea picha za mashamba ya Ufaransa au Italia huuliza kwanza: msimu wa zabibu ni lini? Huko Ulaya jibu ni moja, kwa sababu baridi huamua. Majani hupukutika, mti hulala, kisha huamka wakati wa joto na kuzaa mara moja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Ukiachwa utaendelea kutoa majani na matawi bila utaratibu, na matunda yatakuwa machache.

Anayeulaza na kuuamsha ni mkulima mwenyewe. Hukata matawi yaliyozaa na kuacha visiki vifupi vyenye macho machache. Baada ya siku kadhaa macho hayo huvimba, hutoa chipukizi, na ndani ya chipukizi mna mashada ya maua madogo yasiyovutia macho hata kidogo. Kutoka siku ya kupogoa hadi kuvuna hupita takriban miezi minne. Wanaopogoa Oktoba au Novemba huvuna Februari na Machi. Wanaopogoa baada ya mvua, Aprili au Mei, huvuna Agosti na Septemba.

Kwa sababu saa ya shamba iko mkononi mwa mwenye shamba, majirani wawili wanaweza kuwa katika hatua mbili tofauti. Upande huu wa njia mti umebaki visiki vitupu. Upande wa pili vichala vinabadilika rangi. Mwanafunzi wa biolojia atajifunza mengi hapa kwa nusu saa, pengine kuliko kwa sura nzima ya kitabu. Hali kama hii ipo pia Brazil, katika bonde la mto São Francisco karibu na mji wa Petrolina, ambako nchi ni kavu na mizabibu huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka kwa msaada wa umwagiliaji.

Mavuno mawili hayafanani. Yale ya Februari na Machi hukutana na mvua: magonjwa ya ukungu, hasa ubwiri unga na ubwiri vinyoya, huongezeka, na maji mengi hupunguza utamu. Yale ya Agosti na Septemba hukomaa katika jua kavu baada ya usiku wa baridi wa Juni na Julai, na kwa kawaida huwa matamu zaidi. Anayetaka kuonja zabibu ya Dodoma kwa ubora wake afike wakati huo. Anayetaka kuona shamba la kijani kibichi afike masika, akiwa na viatu vya kukanyagia tope.

Aina za zabibu

Aina inayojulikana zaidi ni ile nyekundu iitwayo Makutupora, ambayo imezoea mahali hapa na kubeba jina lake. Kwa mvinyo mweupe hupandwa Chenin Blanc, na Syrah ni miongoni mwa zile za mvinyo mwekundu. Zabibu za mvinyo huwa na punje ndogo, ganda gumu na mbegu. Wageni wengine huzionja na kusikitika, kwa kuwa walitarajia zabibu za mezani, ambazo ni kubwa, laini na mara nyingine hazina mbegu kabisa. Aina hizi za mezani zinalimwa pia Dodoma, na ndizo zinazofaa zaidi kununuliwa kwa kula. Inafaa kuuliza mapema shamba linalotembelewa ni la aina ipi.

Ziara yenyewe

Huko Stellenbosch, Afrika Kusini, mashamba ya mvinyo yaliunganishwa katika njia rasmi ya watalii tangu mwaka 1971, na mgeni hupokelewa mlangoni kama hotelini. Dodoma sehemu kubwa ya mashamba ni ya wakulima wadogo, na ziara hupangwa kwa kuzungumza na mwenyewe, kwa kupitia chama cha ushirika, ofisi ya kijiji au mtaa, kituo cha utafiti, au kiwanda cha mvinyo. Miongoni mwa viwanda ni CETAWICO ulioko Hombolo, kama kilomita 40 kutoka katikati ya jiji, na Alko Vintages. Makundi ya wanafunzi hupendelea Makutupora, kwa kuwa aina nyingi za mizabibu ziko mahali pamoja.

Kufika Dodoma kumekuwa rahisi tangu treni ya reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam ianze kubeba abiria mwaka 2024. Kutoka mjini hadi shambani hutumika daladala, bodaboda au gari la kukodi. Asubuhi na mapema ni bora, kwa sababu wavunaji huanza kabla jua halijachoma: zabibu iliyokatwa ikiwa ya moto huharibika upesi.

Salamu ni sehemu ya ziara. Mgeni anayemwambia mzee wa Kigogo "mbukwa", au "mbukwenyi" kama ni watu wengi, hufunguliwa mlango haraka kuliko anayeanza kwa kutoa simu na kupiga picha. Baada ya hapo kawaida huongozwa kati ya mistari ya nguzo na waya, akaonyeshwa jinsi matawi yanavyofungwa, macho ya kuacha na ya kukata, na namna ya kushika kichala kwa kikonyo ili punje zisipondeke. Wengine hupewa mkasi wajaribu kuvuna. Kupogoa hawapewi, na ni haki: kosa la mkasi hulipwa kwa kukosa mavuno ya miezi minne ijayo.

Mambo mawili yanahusu usalama. La kwanza, zabibu isichumwe na kuliwa pale pale kabla ya kuuliza ilipigwa dawa lini. Salfa na dawa nyingine za ukungu hutumika mara nyingi, zaidi katika masika, na kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya tunda kuliwa. Watoto waangaliwe kwa hili. La pili, pingili zisibebwe kutoka shamba moja kwenda jingine kama kumbukumbu ya safari. Mzabibu huenezwa kwa pingili, na magonjwa na wadudu wake huenea kwa njia hiyohiyo. Anayetaka kupanda kwake anunue miche iliyokaguliwa.

Mkulima na soko

Ziara isiyogusa suala la bei huwa imeacha nusu ya habari. Zabibu ikishaiva haingoji. Mahindi hukaa ghalani miezi mingi, lakini zabibu za mvinyo hupaswa kufika kiwandani ndani ya muda mfupi sana baada ya kukatwa, na wakulima wa eneo moja huivishiwa karibu kwa wakati mmoja. Viwanda vikijaa, au mnunuzi asipokuja siku aliyoahidi, mkulima huuza kwa bei yoyote au hutazama vichala vikikaukia mtini. Hapa ndipo mavuno mawili kwa mwaka yanapokuwa taabu mara mbili: gharama za dawa, vibarua na maji hurudiwa kila msimu, awe amepata mnunuzi au la.

Njia mojawapo ya kujinusuru ni kukamua. Wakulima na vikundi vyenye matangi huuza "mchuzi wa zabibu", yaani maji ya zabibu yaliyokamuliwa, ambayo viwanda hununua na kuendelea kuyatengeneza kuwa mvinyo. Mchuzi humpa mkulima nafasi ya kutafuta bei, ingawa matangi ni ghali na usafi wake unadai elimu. Serikali nayo imekuwa ikitoza ushuru mdogo wa bidhaa kwa mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za nchini kuliko ule wa kutoka nje, ili viwanda vinunue kwa wakulima. Kiwanda cha umma cha zamani, DOWICO, hakikudumu, na wazee wa vijiji hivi bado hukitaja wanapoeleza maana ya kulima bila soko.

Katika hali hiyo mgeni ni mnunuzi mdogo lakini mwenye pesa taslimu. Kilo chache anazonunua shambani haziwezi kuchukua nafasi ya kiwanda, ila hulipwa papo hapo na hazipiti kwa dalali. Wakulima kadhaa hutengeneza pia juisi, jamu, zabibu kavu na siki, bidhaa ambazo zinasubiri mteja bila kuoza. Bei ya shambani kwa kawaida ni ya chini kuliko ya wachuuzi wa barabarani na stendi, na kuipunguza zaidi kwa ubishi hakupendezi kwa mtu aliyekwisha kuonyeshwa kazi yote. Kama ada ya kutembezwa haikutajwa mwanzoni, iulizwe kabla ya kuingia.

Kuenea kwa jiji tangu serikali ihamie Dodoma kumeleta wateja zaidi karibu na mashamba. Kumepandisha pia thamani ya ardhi, na pembezoni mwa mji maeneo yaliyokuwa ya kilimo yamepimwa kuwa viwanja vya nyumba. Mwenye ekari chache za mizabibu karibu na barabara ya lami ana hesabu ya kufanya ambayo baba yake hakuwa nayo.

Kusafirisha zabibu

Zabibu za kubeba nyumbani zinunuliwe siku ya kuondoka, zikiwa kavu na kikonyo chake bado kibichi. Ziwekwe katika boksi lenye matundu, tabaka moja au mawili tu, wala zisifungwe katika mfuko wa plastiki ndani ya gari lenye joto. Zioshwe wakati wa kula, si kabla, kwa sababu maji yakibaki kati ya punje huleta ukungu. Zikitunzwa hivyo hufika Dar es Salaam au Arusha zikiwa nzima.