Imeili ya Kazi Imelala Kwa Spamu? Hivi Ndivyo Unafunza Lapi Yako Kujua Matapeli

Kama uko Kipsongo hapa Kitale na unatuma CV kila wiki, hii stori ni yako.

Mimi niliacha college nikaanza kusaka kazi. Siku moja nafungua folda ya spamu, napata imeili ya kuniita intavyuu. Intavyuu ilikuwa imepita na siku nne. Na huko inbox? Kuna msee ananiambia nimepata job Dubai, nitume kwanza pesa ya medical. Yaani tapeli amekaribishwa chai, mgeni wa maana amefungiwa nje!

Shida ni moja. Filta hufunzwa, na mimi sikuwa nimeifunza kitu.

Kwa lapi wengi hutumia Thunderbird, ju ni ya bure. Filta yake hupiga hesabu ya maneno, kwa kanuni ya Thomas Bayes, pasta Mwingereza wa karne ya 18. Paul Graham ndiye aliifanya ijulikane sana kwa mambo ya spamu mwaka wa 2002. Neno likitokea sana kwa takataka, linapata alama mbaya. Likitokea sana kwa imeili zako za ukweli, linapata alama poa. Ikiwa mpya, hiyo filta ni kama makanga wa siku ya kwanza: hajui nani hulipa na nani huruka bila kulipa. Lazima umwonyeshe.

Fanya hivi:

1. Iwashe. Bonyeza ile mistari mitatu juu, ingia "Account Settings", kisha "Junk Settings" chini ya akaunti yako. Weka tiki kwa "Enable adaptive junk mail controls". Hapo chini chagua kitabu chako cha anwani, ndio watu unaowajua wasiguswe. Weka tiki pia kwa "Move new junk messages to" ili takataka iende folda yake.

2. Ifunze. Ukiona utapeli, bonyeza J. Ukipata imeili poa imetupwa kwa takataka, bonyeza Shift na J. Funza pande zote mbili. Ukifuta tu, haijajifunza chochote.

3. Weka sheria zako. Ingia "Tools", halafu "Message Filters", halafu "New". Mfano: mtumaji akiwa na helb.co.ke, imeili iende folda umeita Muhimu. Lakini usizuie neno kama "pesa", ju hata mwajiri wa ukweli huongea mshahara.

4. Chunga Gmail. Gmail huchuja yake kwanza kabla Thunderbird ione kitu. Ukiwa umeunganisha kwa POP, folda ya spamu ya Gmail haitaonekana kwa lapi. Na Gmail hufuta spamu baada ya siku 30. Kwa hivyo pitia huko pia, angalau kila siku mbili ukiwa umetuma maombi.

Na kama huna lapi, unatumia saiba? Usiweke akaunti yako kwa Thunderbird ya hapo, barua zako zitabaki kwa mashini ya wenyewe. Fungua Gmail kwa brausa, bonyeza "Not spam" kwa zile poa, kisha toka kwa akaunti kabla uinuke.

Mwisho, hakuna filta hushika kila kitu. Jina la mtumaji linaweza kubandikwa tu, so soma anwani yote. Ofisi za serikali ya Kenya hutumia .go.ke. Na kazi inayokuitisha doh kabla uanze, hiyo si kazi, wewe ndio kazi. Kutega watu hivyo ni kosa kwa sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018.

Sasa kabla uendelee na mambo yako, fungua folda ya spamu mara moja. Pengine intavyuu yako ni kesho.