Dawa za Tezi Dume: Mama, Soma Jina Kabla ya Kulipa

Leo tunazungumzia ugonjwa wa wanaume, lakini tunazungumza nawe. Mara nyingi ni wewe unayetumwa kununua dawa, na ni wewe unayemsikia mzee akiamka kwenda msalani mara nne usiku.

Tezi dume iko chini ya kibofu, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Mwanaume akipita miaka 50, tezi hii mara nyingi hukua na kuubana mrija. Mkojo hukawia kuanza, hutoka kidogo kidogo, hukatika kisha hurudi. Kukua huku si saratani. Lakini saratani ya tezi dume yaweza kuleta dalili kama hizi, kwa hiyo apimwe kwanza kabla ya kumeza dawa yoyote.

Tuseme mzee ameonwa na daktari hapa Upper Hill, labda katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na sasa una karatasi ya dawa mkononi. Ukizunguka madukani waweza kukuta dawa ile ile kwa majina na bei tofauti. Usishangae. Dawa ina jina lake halisi na jina la kampuni. Kwa mfano, finasteride iliidhinishwa Marekani mwaka 1992, na kampuni ya Merck ikaiuza kwa jina Proscar. Haki yake ya kuiuza peke yake ilipokwisha huko mwaka 2006, kampuni nyingine nazo zikaingia sokoni. Basi soma jina halisi kwenye pakiti, kisha muulize mfamasia kama kuna nyingine yenye dawa hiyo hiyo kwa bei nafuu. Nunua katika duka lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu.

Dawa zenyewe ni za makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza, kama tamsulosin, hulegeza misuli iliyobana njia ya mkojo. Nafuu huja kwa siku au wiki chache. Yaweza kuleta kizunguzungu, kwa hiyo mzee aamke polepole, akae kitandani kidogo, ndipo asimame.

Kundi la pili, kama finasteride na dutasteride, hupunguza ukubwa wa tezi yenyewe. Kazi hiyo huchukua miezi 6 au zaidi. Mzee akiacha mwezi wa pili kwa kudhani dawa ni bure, pesa zako zimepotea. Dawa hizi zaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Amwambie daktari, asiache kimyakimya. Pia hushusha kipimo cha damu cha PSA kwa karibu nusu. Kila anapopimwa, daktari aambiwe anatumia dawa gani.

Sasa onyo lako wewe, mama. Ikiwa una mimba, au huenda ukawa nayo, usiguse tembe ya finasteride iliyovunjika au kusagwa, wala kapsuli ya dutasteride inayovuja. Dawa hupita kwenye ngozi na yaweza kudhuru viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume aliye tumboni. Tembe nzima imepakwa utando unaozuia hilo. Kwa hiyo mzee akishindwa kumeza, usimpondee. Rudi kwa mfamasia. Ukiigusa kwa bahati mbaya, nawa mara moja kwa maji na sabuni.

Jambo jingine: mzee akipata mafua, usimpe dawa ya mafua bila kuuliza. Baadhi yake huzidisha kufunga mkojo.

Na mkojo ukikataa kabisa kutoka, huku tumbo la chini limejaa na linauma, usingoje asubuhi wala usitafute dawa dukani. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, awekewe mpira wa kutoa mkojo.

Wazee wengi huona haya kusema. Muulize kwa upole, au umwombe mwanawe wa kiume amuulize.