Watoto Wawili wa Worms

Mtoto akizaliwa na mwili usio kama wa wengine, watu huuliza upesi: "Ni nani aliyekosa?" Swali hili ni la zamani. Sikilizeni habari ya Ujerumani.

Mwezi wa Septemba, mwaka 1495, karibu na mji wa Worms, walizaliwa wasichana mapacha. Paji la uso la mmoja lilishikana na la mwenzake. Siku zile kazi ya kupiga chapa ilikuwa ingali changa katika Ulaya. Fundi alichonga picha katika ubao, akaupaka wino, akakandamiza karatasi juu yake. Kwa ubao mmoja alipata karatasi nyingi za kuuza.

Mwaka ule ule Sebastian Brant, mtu wa elimu, alitoa karatasi yenye picha ya watoto hao na mashairi. Aliwafanya kuwa ishara ya mambo ya mfalme Maximilian na nchi zake. Watu wengine waliona katika picha za namna hii ghadhabu ya Mungu. Hata Martin Luther, mwaka 1523, alieleza picha ya ndama aliyezaliwa na umbo la ajabu, akasema ni ishara juu ya watawa.

Na wasichana wenyewe je? Sebastian Münster aliwaona katika mji wa Mainz mwaka 1501, wakiwa na miaka 6. Aliandika kwamba walilala pamoja na kuamka pamoja. Mmoja akienda mbele, mwenzake alirudi nyuma. Waliishi miaka kama 10. Mmoja alipokufa walitenganishwa, na wa pili akafa upesi.

Mnaona? Karatasi ilionyesha ishara. Münster aliona watoto waliojifunza kutembea.

Leo waganga wanajua kwamba mapacha wa namna hii hutoka katika yai moja la uzazi. Si laana, si uchawi, si kosa la mama. Wanafunzi wa Yesu pia waliuliza swali lile juu ya kipofu, katika Yohana 9, naye hakumhukumu kipofu wala wazazi wake.

Basi, mtoto wa namna hii msimfiche. Mleteni hospitali mapema. Mdomo uliopasuka hushonwa. Miguu iliyopinda hunyoshwa kwa plasta. Na mkienda kumwona mama yake, msiulize ni nani aliyekosa. Ulizeni jina la mtoto.