Neno Karagosi na Uzuri wa Mchezo wa Vivuli

Neno karagosi, au kikaragosi, lina maana mbili katika Kiswahili: sanamu ndogo ichezeshwayo na mtu, na, kwa kudharau, mtu asiye na shauri lake mwenyewe, atendaye ayatakayo bwana wake. Asili yake ni Kituruki, Karagöz, yaani mwenye jicho jeusi, jina la mhusika mkuu wa mchezo wa vivuli wa Dola ya Uthmaniya. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba maana ya pili yaugeuza mchezo huo chini juu.

Katika karne ya 17 mchezo huu ulikuwa umekwisha kuenea Istanbul, nao ulichezwa hasa mikahawani usiku wa Ramadhani. Mwaka 2009 Unesco iliuingiza katika orodha yake ya urithi wa wanadamu. Sanamu hukatwa katika ngozi ya ngamia au ya ng'ombe, iliyoparwa hata ikapitisha nuru, kisha hutiwa rangi. Fundi huishika kwa fimbo na kuigandamiza juu ya pazia jeupe, taa ikiwaka nyuma yake. Kwa hiyo mtazamaji haoni weusi mtupu wa kivuli, bali rangi zing'aazo.

Lakini uso wa ngozi haucheki wala haulii; uhai wake hauna budi kutoka katika maneno. Fundi mmoja husema sauti zote: Mwajemi, Mwarabu, Mwalbania, kila mmoja kwa matamshi yake. Hacivat husema Kituruki cha wasomi, kilichojaa Kiarabu na Kiajemi. Karagöz, mtu wa mtaani, huyasikia maneno hayo kwa sikio la mtaani na kuyajibu visivyo. Ni kama msomi wetu ataje istilahi, na mwenzake aape kwamba yeye hana silaha. Watu hucheka; na katika kicheko hicho lugha ya wakubwa hupimwa, mara nyingi ikaonekana tupu.

Basi Karagöz hakuwa mtiifu kwa mtu. Hana elimu wala kazi ya kudumu, lakini husema alionalo. Kiswahili kimeukumbuka mkono umwendeshao, kikausahau ulimi wake.

Jambo hili si la watunga kamusi peke yao. Nchini Kenya, tangu miaka ya 1990, vikaragosi vimetumiwa kufundishia mambo ya afya. Kikaragosi kinachokariri tu maneno ya mkubwa, kwa lugha ya ofisini, ni karagosi kwa ile maana ya kudharau, hata kikichongwa vizuri namna gani. Atakaye uzuri kamili na akipe kila kimoja lahaja yake, utani wake, na ruhusa ya kumbishia aliyekituma. Hapo neno na sanaa vitakutana tena.