Fundi wa Dallas anayesoma stika za Kijapani

Swali la kwanza aliloniuliza halikuhusu giaboksi.

"Ile stika ya mlangoni iko wapi?"

Nilikuwa nimeingia Dallas, mtaa wa mji wa Embu, na Fielder ya mwaka 2013 iliyokuwa ikitetemeka kila nilipoondoka kwenye tuta, mithili ya punda aliyegoma. Wiki tatu kabla, gereji moja nisiyotaka kuitaja ilikuwa imeifanyia sevisi na kunihakikishia kwamba "oili zote" zimebadilishwa. Nilitarajia fundi huyu atandike katoni alale chini ya gari, au aliwashe asikilize. Badala yake alifungua mlango wa dereva, akainama, akapitisha kidole gumba kwenye fremu, pale mlango unapojifungia. Palikuwa na alama ya gundi iliyonasa vumbi, ukubwa wa kiberiti.

"Niliibandua siku niliyolichukua gari," nikamwambia. "Ilikuwa Kijapani kitupu. Nikaiona uchafu."

Alinitazama jinsi muuguzi anavyomtazama mzazi aliyepoteza kadi ya kliniki ya mtoto.

"Kijana wangu, ulitupa kumbukumbu ya gari."

Embu nilikuwa nimekwenda kwa shughuli nyingine kabisa, na ningerudi Nairobi jioni hiyohiyo. Nikalala siku mbili kwa sababu ya hizo stika.

Jina lake ameniomba nisiliandike. Wauzaji wa magari ni wateja wake pia, na mtaelewa huko mbele kwa nini hataki kugombana nao. Karakana yake ni kibanda cha mabati, jeki mbili na kipande cha ardhi kilichokolea oili hata mvua haikipenyi. Ndani ya sanduku la spana, juu ya spana zenyewe, kuna kaunta buku nene lililofungwa kwa mpira wa tyubu. Humo amebandika stika alizotoa kwenye magari yaliyokufa, na kunakili kwa biki zile zilizo kwenye magari yanayotembea. Nyingine ni za manjano, nyingine za buluu iliyopauka. Chache zina kichoro cha kopo linalodondosha tone moja.

Huko Japani, gereji au kituo cha mafuta kikishamwaga oili ya gari, hubandika stika hiyo mlangoni au chini ya boneti: tarehe, kilomita zilizosomwa siku hiyo, na mara nyingi kilomita za kumwaga tena. Wengine huandika na aina ya oili. Gari likivuka bahari hadi Mombasa, stika huja nalo. Sisi tunalinunua, tunalipeleka kuoshwa, na kijana wa kuosha anaikwangua kwa wembe ili tufurahi.

"Hakuna aliyenifundisha kuzisoma," alisema huku akilamba kidole na kufungua kurasa. "Nilizipanga kama karata. Nikaona kila stika ina namba tatu ndogo na moja kubwa. Ile kubwa ni kilomita, hiyo haina ubishi. Hizi tatu sasa: ya katikati haizidi 12 hata siku moja. Ya mwisho haizidi 31. Basi hapo kuna mwezi na tarehe. Ya kwanza lazima iwe mwaka, lakini mwaka gani unaitwa 27?"

Alama zenyewe aliziwekea majina yake. Ya mwezi anaiita ngazi, kwa kuwa ina miguu miwili na vidato. Ya siku anaiita dirisha, kwa kuwa ni mstatili uliogawanywa mara mbili na mstari. Ngazi, dirisha. Nilipotazama tena, sikuweza kuona kitu kingine.

Fumbo la mwaka lilimchukua muda. Alilinganisha stika na mwaka wa usajili wa kwanza ulioandikwa kwenye karatasi za gari, akakuta hesabu inakwenda sawa kila akiongeza 1988. Stika ya 27 ni ya 2015. Ya 29 ni ya 2017. Aliishi na hesabu hiyo bila kujua asili yake, mpaka yalipoanza kuingia magari yenye stika za mwaka 1 na mwaka 2.

"Nikasema, hawa wameanza kuhesabu upya? Au wanatuletea magari ya 1989?"

Walikuwa wameanza kuhesabu upya kweli. Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wake, ndiye aliyemweleza kwamba Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme. Enzi ya Heisei ilianza Januari 1989 na kufungwa tarehe 30 Aprili 2019, Mfalme Akihito alipong'atuka. Kesho yake mwanawe, Naruhito, akafungua enzi ya Reiwa, mwaka wa kwanza. Kwa stika mpya, basi, unaongeza 2018. Mfalme anabadilishwa Tokyo, na fundi wa Embu anabadilisha hesabu ndani ya kaunta buku.

Ninasimulia haya kirefu kwa sababu yalinikalia kooni. Kila mwenye gari nchini ana maoni kuhusu oili. Shemeji yako ana yake, mwenye duka la spea ana yake, tandiboi ana yake. Gari lenyewe limekuja na maoni yake limeyabandika mlangoni, nasi tunayabandua.

Maoni hayo mara nyingi ni 0W-20. Mtajie dereva wa Embu oili hiyo atacheka. "Hayo ni maji," atasema, kisha anunue 20W-50 au hata namba 40 ya kawaida, kwa imani kwamba oili nzito ni oili ya kazi.

Fundi hana haraka na watu hao. Huwauliza kama wamewahi kunywa uji uliolala.

"Uji wa moto unateremka wenyewe. Uliolala unaushika na kijiko. Oili ni hivyohivyo. Namba ya kwanza, yenye W, inakuambia oili iko vipi ikiwa baridi, asubuhi unapowasha. Ya pili inakuambia iko vipi injini ikishachemka, kwa digrii 100. Sasa mtu anasema Embu hakuna theluji, W ya nini? Ndugu yangu, kwa injini ya digrii 100, asubuhi ya Julai hapa kwetu ni theluji tosha."

W hiyo ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi, na mizani yenyewe ni ya SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoundwa Marekani mwaka 1905. Alichotaka nielewe ni kwamba injini huchakaa zaidi katika zile sekunde za kuwashwa, kabla oili haijapanda hadi juu. Na injini kama 1NZ, iliyo ndani ya Probox, Vitz na Fielder nyingi za cc 1,500, haitumii oili kulainisha tu. Ina mfumo wa VVT-i, ambao hutumia presha ya oili kusogeza muda wa valvu kufunguka. Oili hupita kwenye kijichujio chenye matundu madogo sana. Ikiwa nzito kupita kiasi, mfumo huchelewa kuitika. Ikiwa chafu, huziba.

Nikamuuliza kuhusu gari lililochoka, linalokula oili na kutoa moshi wa buluu. Hapo hata yeye alipunguza sauti. Vitabu vya magari haya kwa nchi za joto huruhusu unene zaidi ya mmoja, kwa hiyo kupanda hadi 5W-30 au 10W-30 si dhambi. Lakini kuna wanaopanda hadi 20W-50 ili moshi upungue mpaka gari liuzwe.

"Oili nzito kwa injini iliyoisha ringi ni bandeji. Kidonda kiko palepale. Lakini mtu ana elfu 4 mfukoni, na kufungua injini ni pesa ambayo hana. Nimwambie nini? Ninamwekea bandeji."

Tuliposhuka kwenye giaboksi, ucheshi ulimtoka. Alifungua nati ya chini ya Fielder yangu, ukatoka mkondo mwekundu kama sharubati ya tamarillo. Akatikisa kichwa. Ile ilikuwa ATF, oili ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida. Gari langu ni CVT.

CVT haina gia za kuhesabu. Ina puli mbili na mkanda wa chuma kati yake, na puli zikitanuka na kubana ndipo mwendo hubadilika. Mkanda huo haupaswi kuteleza, wala haupaswi kusagika, na kinachoshikilia mizani hiyo nyembamba ni oili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Toyota wana yao waliyoiandika TC au FE, Nissan wana NS-2 na NS-3, na hazibadilishani kama sukari ya jirani. Ukiweka ATF, mkanda unateleza. Kila ukiteleza unajichora.

"Mtego uko kwa Probox," alisema. Gari hilo lilitoka 2002, na kwa miaka mingi lilikuwa na otomatiki ya gia 4 au gia za mkono. Toleo jipya la 2014 likaja na CVT. Jina ni lilelile, na dereva hukaa palepale. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, Probox zinazoshuka bandarini sasa zote ni za baada ya badiliko hilo. Fundi aliyezoea zile za zamani hutia alichozoea.

Hata za gia za mkono zina shimo lake. Kopo limeandikwa GL-5, jingine GL-4, na mteja huchukua 5 kwa kuwa 5 ni kubwa. GL-5 ilikusudiwa hasa difu; kemikali zake za salfa zinaweza kula zile ringi za shaba zinazosaidia gia kuingia bila kelele. Na ile 90 ya giaboksi si mara mbili ya 40 ya injini. Mizani ni tofauti: 90 hiyo, kwa unene, inakaribiana na 40 au 50 ya injini.

Vijana wa miraa na muguka walisimama mara tatu siku ile, Probox zao zimejaa hadi dari, wakielekea Makutano na Nairobi. Huwamwagia oili kabla ya kilomita 5,000, kwa sababu mzigo na mbio huichemsha. Kwa injini hiyo hupima lita 3.7 pamoja na filta. Kopo ni la lita 4. Kinachobaki hukirudisha kwa mwenyewe, ingawa wengi hubisha: wamelipia kopo zima, kwa nini lisiingie zima?

Kopo tupu halitoki hapo likiwa zima. Huchukua kisu akalipasua ubavuni mara mbili. Kuna watu hupita wakinunua makopo tupu yenye vifuniko, na yeye hataki kujua yanakwenda kujazwa nini. "Wananipa shilingi. Siku moja kopo hilohilo litarudi kwangu limefungwa vizuri." Oili chafu nayo huchukuliwa na wakulima kupaka vikingi visiliwe na mchwa. Isiyochukuliwa? Alinyosha kidevu kuelekea mtaroni, tukanyamaza wote wawili. Katika ile Dallas ya runinga, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1978, ukoo mzima uligombania mafuta yatokayo ardhini. Katika Dallas hii yanarudi ardhini, wala hakuna anayeyagombania.

Giaboksi yangu aliimwaga, akaijaza oili ya CVT, akaniambia nizunguke mji, kisha akaimwaga na kuijaza tena. Mtetemo ulipungua. Nilipomuuliza kama mkanda umepona, alisema chuma hakiponi. Akakata kipande cha selotepu ya karatasi, akaandika tarehe, kilomita na aina za oili mbili, akakibandika juu ya ile alama ya gundi.

Tulikuwa tukiagana alipofika mama mmoja na gari jeupe, jipya kwake, namba za usajili bado zinang'aa. Alitaka sevisi ya kwanza. Alisema kwa furaha kwamba limetembea kilomita 68,000 tu. Fundi akafungua mlango wa dereva, akainama. Stika ilikuwepo, ya manjano, haijaguswa. Akaisoma polepole, midomo ikicheza: ngazi, dirisha. Nikamwona akiinua macho kwenye dashibodi, akiyarudisha kwenye stika, akiyainua tena. Nami nikachungulia. Mwaka ulikuwa 29. Namba kubwa ilianza na 112.

Aliwahi kumwambia mteja mmoja jambo kama hilo. Yule mteja hakurudi tena, na muuzaji aliyemuuzia alirudi.

"Fundi, uko sawa? Kuna shida?" mama akauliza.

Alifunga mlango taratibu, akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Hakuna, mama. Wanasema hili linatumia 0W-20."