Matembezi ya Alasiri Katika Milima ya Dhofar

Upepo wa kusi twaujua sote. Ndio unaoichafua bahari yetu kuanzia mwezi wa nne, na ndio uliokuwa ukiyarudisha majahazi Arabuni zamani. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliowahi kujiuliza kusi hiyo, ikishatupita sisi, huenda kufanya kazi gani huko mbele.

Jawabu limo katika milima ya Dhofar, kusini mwa Omani. Tangu mwishoni mwa Juni hadi Septemba kusi huleta huko ukungu na manyunyu, na majira hayo wenyeji huyaita kharifu. Wakati sehemu nyingi za Arabuni zinaungua kwa jua, milima hii huwa kijani kibichi mithili ya Shimba Hills baada ya masika.

Aliyefikia mjini Salalah na aswali adhuhuri, kisha ashike njia ya mashariki hadi bonde la Darbat, mwendo wa kilomita 40 hivi. Njiani ataiona minazi na migomba, ile ile aliyoiandika Ibn Battuta alipofika hapo kwa jahazi kutoka Kilwa katika karne ya 14. Bondeni ni heri kushuka garini. Ng'ombe wamo malishoni, maji yapita taratibu, na mvua ikizidi huporomoka gengeni kwa kishindo. Tazama matawini: yuko mdiria mwenye kichwa cha kijivu, ambaye huvuka kutoka Afrika kuja kutaga huku, na kwera wa manjano wakisuka viota vyao kama walivyo kwetu. Mbele zaidi, karibu na Mirbat, lipo bonde la Hinna lenye mibuyu. Mtu wa Kilifi hahitaji kuambiwa mti ule ni gani!

Jambo la ajabu ni kwamba mti wa ubani, ambao moshi wake haukosekani katika harusi na maulidi zetu, hutauona katika ubichi huo. Wenyewe wapenda nyuma ya milima, kwenye ukavu, ambako ukungu haufiki.

Lakini uzuri huu una siri yake. Manyunyu yenyewe ni haba. Miti ndiyo inayoukamata ukungu kwa majani, ukawa matone, matone yakadondoka shinani. Mti mkubwa hujinywesha na kuwanywesha wanawe. Ukikatwa au kuliwa, ukungu hupita juu ya nyasi na mche hukauka kabla ya kharifu nyingine. Tangu miaka ya 1970, visima vilipochimbwa na chakula cha mifugo kuanza kununuliwa, ngamia na ng'ombe wameongezeka mno, na ngamia hafuati nyasi tu, hula matawi pia. Wageni nao wapitisha magari juu ya majani na kuacha takataka za chakula chao. Kwa maoni yangu, kosa la mgeni ni zito zaidi, maana mfugaji ana dhiki ya kulisha mifugo, mgeni hana dhiki yoyote.

Ikikaribia magharibi ukungu hushuka ghafla hata mtu asione hatua kumi mbele. Hapo dereva na aende polepole, kwani ngamia akisimama katikati ya barabara, honi haimshughulishi.